Jinsi ya kuboresha wasifu wako wa LinkedIn, hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ni yale yale. Niandike nini chini ya jina langu? Mbona wasifu nimeujaza lakini hakuna anayenitafuta? Nikiweka alama kwamba natafuta kazi, bosi ataiona? Majibu nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, ili uanze juu ushuke nayo mpaka chini. Nimemwandikia mtu ambaye akaunti anayo tayari, pengine aliifungua zamani, akaijaza nusu, akaiacha.

Jambo moja kwanza, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Wasifu wako utasomwa na mtu asiyekujua kabisa. Mtu huyo huanza kwa kuandika maneno fulani kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha hupitisha macho haraka kwenye majina yaliyojitokeza na kuamua nani amfungue. Kwa hiyo kila unachokijaza kijibu swali moja kati ya haya mawili: maneno anayoyatafuta yamo? Na ninachodai kina ushahidi? Sifa tupu kama "mchapakazi", "mbunifu" na "mwenye ari" hazijibu lolote kati ya hayo. Hakuna anayetafuta neno "mchapakazi", na akilikuta hana namna ya kulihakiki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta, ukiweza kuipata. Simu inatosha kwa mengi, lakini baadhi ya mipangilio ni rahisi kuiona kwenye kioo kikubwa.
- Barua pepe yako binafsi, si ile ya kazini.
- Wasifukazi (CV) wako wa karibuni, wenye mwezi na mwaka wa kila kazi.
- Matangazo matano au sita ya kazi ya aina unayoitaka, hata kama huna mpango wa kuomba hata mojawapo. Haya ndiyo yatakayokupa maneno.
- Picha moja safi ya uso wako.
- Karatasi yenye takwimu za kazi yako: ulihudumia watu wangapi, ulisimamia nini, kitu gani kilipungua au kuongezeka ulipokuwepo.

Hiyo karatasi ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha wasifu mmoja na mwingine. Kama hukumbuki, rudi kwenye ripoti zako za zamani, barua pepe na tathmini za mwaka. Usibuni namba. Utaulizwa juu yake kwenye usaili.

Hatua ya 1: Hifadhi nakala, kisha zima taarifa kwa watu wako

Kabla ya kugusa chochote, fungua wasifu wako, tafuta kitufe cha More au Resources karibu na jina lako, uuhifadhi kama faili la PDF. Ukifuta maelezo kwa bahati mbaya utakuwa na pa kurejea.

Kisha uwe macho na swichi iliyoandikwa Notify network (yaani, wajulishe watu wako), ambayo hutokea unapoongeza au kuhariri kazi. Ikiwa imewashwa, watu uliounganishwa nao wanaweza kupata taarifa kwamba umeanza kazi mpya, kumbe umesahihisha mwezi tu. Pongezi zinaanza kumiminika, na mkuu wako naye anaziona. Izime kila unapohariri, uiwashe siku una habari ya kweli ya kutangaza.

Hatua ya 2: Hakikisha akaunti ni yako

Ingia kwenye mipangilio uangalie barua pepe iliyosajiliwa. Kama ni ya ofisini, ongeza ya kwako binafsi na uifanye kuwa ya msingi. Watu wengi hupoteza akaunti zao siku wanapoacha kazi: barua pepe ya ofisi inafungwa, nywila wamesahau, na ujumbe wa kuibadilisha unatumwa kwenye sanduku wasiloweza kulifungua tena. Ukiwa hapo hapo, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa ziada.

Hatua ya 3: Jina, picha na bango

Kwenye jina andika jina lako tu, lile unalojulikana nalo kikazi. Kanuni za mtandao haziruhusu alama, namba au vikaragosi hapo. Namba ya simu na maneno ya kujitangaza yana sehemu zake.

Picha: uso uonekane vizuri, mwanga utoke mbele yako, nyuma pawe patulivu, na uwe peke yako. Usikate picha ya kundi, kwa maana bega la jirani litabaki pembeni. Kipimo kizuri cha kuanzia ni pikseli 400 kwa 400. Kumbuka kwamba itaonekana kama kiduara kidogo, hivyo uso uchukue sehemu kubwa ya fremu.

Bango la nyuma lina pikseli 1584 kwa 396. Weka picha inayohusiana na kazi yako au rangi moja iliyotulia. Kama lina maandishi, yakae kulia, kwa sababu picha yako hufunika sehemu ya chini ya upande wa kushoto. Usilipe bango muda zaidi ya huo.

Hatua ya 4: Mstari ulio chini ya jina lako

Hapa kaa, usikimbie. Mstari huu unakufuata kila mahali: kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye maombi ya kuunganishwa, na kando ya kila maoni utakayoandika. Una nafasi ya herufi 220, lakini sehemu nyingi huonyesha maneno ya mwanzo tu, mengine yakakatwa. Usipoandika kitu, mtandao hukujazia cheo na jina la mwajiri.

Chukua yale matangazo ya kazi. Pigia mstari jina la cheo na ujuzi unaojirudia katika matangazo zaidi ya moja. Maneno hayo ndiyo wenye kazi wanayoyatumia wanapotafuta, na ndiyo utakayoyatumia wewe, mradi ni ya kweli kwako.

Kisha panga hivi: cheo kwanza, ujuzi wako mkuu wa pili, na mahali au aina ya kazi unayoifahamu zaidi mwishoni. Tuseme wewe ni mtunza ghala. Watu huandika hivi:

"Natafuta fursa mpya | Mchapakazi | Napenda kujifunza"

Jaribu hivi:

"Msimamizi wa ghala | Udhibiti wa bidhaa, manunuzi na ukaguzi wa hesabu | Dawa na vifaa tiba"

Mstari wa kwanza unaweza kuwa wa mtu yeyote mwenye akaunti. Wa pili unampata anayetafuta "udhibiti wa bidhaa", unampata anayetafuta "manunuzi", na yule mwenye ghala la dawa anaona hapo hapo kwamba hatahitaji kukufundisha kwa nini shehena fulani lazima ikae kwenye ubaridi.

Kama huna kazi kwa sasa, usianze na "sina kazi" wala "natafuta fursa". Taaluma yako haijaondoka pamoja na mwajiri. Na kama unahama fani, weka kwanza kule unakokwenda, halafu unakotoka: "Mbunifu wa mitaala | Mwalimu wa hisabati kwa miaka 9". Mwanafunzi aandike fani anayosoma na kitu kimoja alichokwisha kukifanya kwa mikono yake.

Watu huniuliza pia waandike kwa lugha gani. Andika kwa lugha iliyotumika kwenye matangazo ya kazi unayoitaka. Kama yameandikwa kwa lugha mbili, cheo chako kiwe katika ile inayotumika zaidi, na ile nyingine uitumie ndani ya maelezo.

Hatua ya 5: Sehemu ya About (maelezo kukuhusu)

Hapa una herufi 2,600, na si lazima uzimalize. Msomaji huona mistari michache ya mwanzo, iliyobaki inafichwa mpaka abofye. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iseme unafanya nini na kwa nani. Usiipoteze kwa salamu, wala kwa historia ya ulivyoipenda kazi hii tangu utotoni.

Aya tatu fupi zinatosha. Ya kwanza: kazi yako na unaowafanyia. Ya pili: mambo mawili au matatu uliyoyatimiza, pamoja na takwimu kutoka ile karatasi. Ya tatu: unatafuta nini au uko tayari kusaidia nini, na namna ya kukupata. Andika kwa nafsi ya kwanza, "nasimamia", "nimefundisha". Kujieleza kama vile unamzungumzia mtu mwingine kunaleta ubaridi usio na sababu.

Siku hizi wengi huiachia programu ya akili mnemba iwaandikie sehemu hii. Inafaa kwa kurekebisha tahajia na kupunguza urefu. Ukiiachia kazi yote inakupa maneno makubwa yanayomfaa kila mtu, na msomaji aliyekwisha kufungua wasifu mwingi anayatambua upesi. Rasimu ya kwanza iandike mwenyewe, hata kama ni mbovu.

Hatua ya 6: Uzoefu wa kazi

Hii ndiyo sehemu inayobeba ushahidi wote, nayo ndiyo iliyoachwa tupu kwenye wasifu mwingi ninaoombwa kuupitia: cheo, mwajiri, tarehe, basi. Ifanye kwa utaratibu huu.

1. *Chagua mwajiri kwenye orodha inayojitokeza unapoandika jina lake.* Usiandike jina lote kisha ukahifadhi bila kuchagua. Ukichagua, nembo yake itatokea na kazi yako itaunganishwa na ukurasa wa mwajiri. Usipochagua, unabaki na kisanduku cha kijivu. Kama mwajiri hana ukurasa, kisanduku hicho hakina ubaya.

2. *Ulipopandishwa cheo, ongeza cheo kipya kama nafasi nyingine chini ya mwajiri yule yule.* Usifute cha zamani ukaandika kipya juu yake. Mtandao utazipanga nafasi hizo pamoja, na atakayesoma ataona umepanda.

3. *Kwa kila kazi andika sentensi tatu hadi tano, kila moja ikianza na kitendo.* Nilipanga, nilipunguza, nilijenga, nilifundisha. Epuka "nilihusika na" na "nilikuwa na jukumu la", maana hazisemi kama ulifanya au ulitazama wenzako wakifanya.

4. *Kila sentensi iwe na kitendo, ukubwa wake na matokeo.* Turudi kwa mtunza ghala wetu. Alikuwa ameandika:

"Nilihusika na usimamizi wa ghala na utunzaji wa kumbukumbu."

Ukimuuliza maswali matatu (ghala kubwa kiasi gani, kumbukumbu ulizitunza vipi, na nini kilibadilika) unapata kitu kama hiki:

"Nilisimamia ghala lenye aina 1,400 za bidhaa. Nilihamisha kumbukumbu kutoka kwenye daftari kwenda kwenye jedwali la kompyuta, na hesabu ya mwisho wa mwezi iliyokuwa ikichukua siku tatu ikawa inaisha kwa siku moja. Nilianzisha utaratibu wa kutoa kwanza bidhaa zinazokaribia kuisha muda."

Kazi ni ile ile na mtu ni yule yule. Hakuna alichotia chumvi; amesema tu kilichotokea. Jiulize maswali hayo matatu kwa kila kazi uliyowahi kuifanya, na kama unashindwa kujijibu, mwombe rafiki akuulize, umjibu kwa sauti, halafu uandike ulichosema.

5. *Usitoe siri za mwajiri.* Majina ya wateja, mapato, mradi ambao haujatangazwa: viache. Unaweza kusema "kwa asilimia" au "kwa nusu" bila kutaja fedha zenyewe.

Kama kuna kipindi hukuwa kazini kwa kulea, kuugua, kusoma au kutunza mzazi, usinyooshe tarehe za kazi nyingine kuziba pengo. Tangu 2022 LinkedIn ina nafasi maalumu ya kuandika mapumziko ya kazi, ambapo unachagua sababu na kuongeza maelezo ukipenda. Tarehe zilizonyooshwa hugundulika mwajiri wa zamani anapopigiwa simu, na hapo hata yale ya kweli uliyoandika yanaanza kutiliwa shaka.

Kujitolea, kazi za muda na biashara yako mwenyewe navyo ni uzoefu. Viandike kwa utaratibu huo huo.

Hatua ya 7: Ujuzi

Rudi kwenye matangazo yako, ongeza kila ujuzi unaojirudia ambao kweli unao, na uuchague kwenye orodha ya mtandao badala ya kujitungia jina. Toa ule wa kizamani na ule unaohesabiwa kuwa wa kila mtu. Mtandao unakuruhusu kuonyesha hadi mitano kwenye sehemu ya About. Chagua ile unayotaka kuajiriwa kwayo. Ile unayoijua lakini umeichoka, isiwe miongoni mwa hiyo mitano.

Hatua ya 8: Omba mapendekezo

Mawili au matatu yaliyoandikwa na watu waliokuona ukifanya kazi yanatosha. Wanaoweza kukuandikia ni wale uliounganishwa nao moja kwa moja, na maneno yao hayaonekani mpaka uyakubali. Unaweza pia kumwomba mtu arekebishe, au kuyaficha baadaye.

Usitume ombi tupu. Mtu hajui aandike nini, ataahirisha, na wewe utaona haya kumkumbusha. Mrahisishie: "Habari, Mama Rehema. Naboresha wasifu wangu. Je, unaweza kuniandikia sentensi tatu kuhusu ule mradi wa kuhamisha kumbukumbu, hasa nilivyowafundisha wenzangu mfumo mpya?" Umwite kama ulivyozoea kumwita kazini. Na usikubali kubadilishana sifa na mtu ambaye hamjawahi kufanya kazi pamoja.

Hatua ya 9: Kiungo chako na nani anaona nini

Akaunti mpya hupewa kiungo chenye mkia wa herufi na namba. Kwenye mipangilio ya wasifu wa umma unaweza kukibadilisha kiwe jina lako: herufi, namba na vistari tu, kuanzia 3 hadi 100. Kama jina limechukuliwa, ongeza taaluma. Usiongeze mwaka wa kuzaliwa. Ukishabadilisha, sahihisha kiungo kwenye wasifukazi na kwenye sahihi ya barua pepe.

Hapo hapo, angalia picha yako inaonekana na nani, na kama wasifu unaonekana nje ya LinkedIn kupitia injini za utafutaji. Siku ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani havihitajiki na mtu yeyote kwenye mtandao wa kazi. Viondoe au uvifiche.

Hatua ya 10: Alama ya kutafuta kazi

Mpangilio wa Open to Work (yaani, niko tayari kwa kazi) una njia mbili. Ya kwanza inaonekana na wote, na huweka duara la kijani kwenye picha yako. Ya pili inaonekana na wanaotumia zana ya LinkedIn ya kutafutia wafanyakazi tu. Kama uko kazini na hutaki ijulikane, tumia ya pili, lakini elewa mipaka yake: LinkedIn hujitahidi kukuficha usionekane na maofisa ajira wa kampuni yako, ila haitoi hakikisho. Na itawezaje kujua kampuni yako ni ipi kama hukuchagua mwajiri kwenye orodha? Ndiyo sababu nimeisisitiza Hatua ya 6.

Hatua ya 11: Ungana na watu

Wasifu mzuri wenye watu sita nyuma yake haufiki mbali. Anza na unaowajua: wenzako wa sasa na wa zamani, uliosoma nao, wateja. Kwa usiyemjua, ongeza ujumbe mfupi unaoeleza kwa nini yeye. Akaunti ya bure ina kikomo cha idadi ya jumbe hizo kwa mwezi, kwa hiyo zitumie kwa watu unaowahitaji kweli. Na usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza.

Onyo: wasifu ukianza kuonekana, matapeli nao watakuona. Ukiahidiwa kazi bila usaili, ukatakiwa kulipia fomu au mafunzo, au ukahimizwa kuhamia haraka kwenye programu nyingine ya ujumbe, acha hapo hapo na umripoti.

Mambo yakikwama

*Nimekuta nina akaunti mbili.* Ukiweza kuingia kwenye zote, mipangilio ina sehemu ya kuziunganisha na kuhamisha watu kwenda unayoibakiza. Mengine hayahami, kwa hiyo hifadhi kwanza PDF ya ile inayofungwa.

*Nimebadilisha, lakini injini ya utafutaji bado inaonyesha ya zamani.* Injini hizo huhifadhi nakala na huchukua muda kuja kuangalia upya. Fungua kiungo chako kwenye dirisha la faragha la kivinjari (incognito) bila kuingia kwenye akaunti. Kama pale ni mpya, kazi yako imekwisha, subiri.

*Siwaoni waliotembelea wasifu wangu.* Huenda umechagua kutazama wasifu wa wengine kwa siri. Kwenye akaunti ya bure, ukijificha nao wanafichwa kwako.

*Nimeondoa ombi la kuunganishwa na sasa siwezi kulituma tena.* Utasubiri hadi wiki tatu.

*Hakuna anayenitafuta.* Subiri wiki chache kwanza, kisha angalia takwimu za wasifu wako, hasa umetokea kwenye utafutaji mara ngapi. Kama hutokei kabisa, tatizo ni maneno: rudi Hatua ya 4 na ya 7, na uchukue matangazo mapya. Kama unatokea lakini hawakufungui, angalia picha na ule mstari chini ya jina. Kama wanakufungua na hawaandiki, tatizo liko kwenye Hatua ya 6: mpe mtu wa fani yako asome uzoefu wako, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake ulikuwa unafanya nini. Pale atakaposita ndipo pa kuandika upya.